Projekta moja, kishikwambi kimoja na wanafunzi 74: teknolojia ya wavuti niiingizeje katika kipindi cha Fizikia?

Mwalimu wa Fizikia, Temeke

Ndugu walimu na wadau wote wa elimu, habari za kazi.

Ninafundisha Fizikia katika shule moja ya sekondari ya serikali hapa Temeke. Darasa ninaloliombea ushauri ni Kidato cha Pili B, lenye wanafunzi 74, na kwenye madawati ya nyuma wanakaa watatu watatu. Mkuu wa shule ameniagiza mimi na mwenzangu mmoja tuandae mada ya kikao cha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kuhusu namna ya kuingiza teknolojia ya wavuti katika kufundisha na kujifunza, na ametaka tuonyeshe kipindi halisi, kwa kuwa maelezo ya jumla tumekwisha kuyasikia semina nyingi. Vifaa vyetu ni projekta moja inayozunguka shule nzima, kompyuta mpakato ya ofisi ya taaluma, na kishikwambi changu, ambacho ni katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Bando linatoka mfukoni mwangu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na sina nia ya kuwaombea ruhusa hiyo.

Nimekwisha kujaribu mara moja, na ni vizuri niwaeleze ilivyokuwa. Mada ilikuwa umeme wa mkondo. Nilikesha siku mbili nikikusanya picha na maelezo kutoka tovuti mbalimbali, nikapata slaidi 22, nikapakua na video fupi ya elektroni zikitembea ndani ya waya. Siku ya kipindi, dakika kumi na mbili za mwanzo ziliishia kutafuta waya wa kuunganishia na soketi inayofanya kazi, na kwa kuwa madirisha yetu hayana mapazia, jua la saa nne lilikuwa limekwisha kuifuta nusu ya picha ukutani. Hata hivyo wanafunzi walitulia, wakatazama, wakanakili kila slaidi, na kengele ilipolia waliomba turudie tena wiki inayofuata. Nilitoka nikiwa na furaha.

Kesho yake nikawapa zoezi la maswali matano. Karibu darasa zima liliandika kwamba mkondo wa umeme hupungua baada ya kupita kwenye balbu, kwa sababu balbu "imeutumia". Ni kosa lile lile ninalolikuta kila mwaka nikifundisha kwa chaki. Nilikuwa nimehamisha notsi kutoka ubaoni kwenda ukutani, na bando langu likaisha.

Naomba basi walimu wenye uzoefu mnisaidie. Kuna kitu gani kwenye wavuti ambacho kinaweza kumfanya mwanafunzi afikiri tofauti, kitu ambacho chaki na kitabu haviwezi? Na kitu hicho nikifikishe vipi kwa watoto 74 ambao hakuna hata mmoja mwenye kifaa mkononi?

Mkufunzi wa ualimu, Kimara

Mwalimu mwenzangu, umejipima kwa haki kuliko wengi wetu tunavyojipima, kwa sababu ulirudi kesho yake ukauliza wanafunzi wameelewa nini. Nimeketi nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mara nyingi nimeona kipindi cha projekta kikisifiwa kwa sababu tu darasa lilikuwa kimya na mwalimu hakuchafuka chaki.

Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, waliandika kwamba mwalimu anayefundisha kwa teknolojia anahitaji maarifa ya aina tatu yaliyoshikana: ya somo lenyewe, ya namna ya kufundisha, na ya chombo anachokitumia. Semina zetu nyingi hushughulika na hayo ya tatu peke yake. Mwalimu anafundishwa kufungua akaunti, kutengeneza slaidi na kuunganisha projekta, halafu anaachwa agundue mwenyewe ni wapi katika mada yake chombo hicho kina kazi. Wewe umeshapagundua mahali penyewe. Ni lile kosa la balbu kuutumia mkondo. Andalio lako la somo lianzie hapo.

Ingia katika tovuti ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Humo mna simulesheni nyingi, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, na moja wapo ni ya kuunda saketi kwa betri, nyaya, balbu na vipimo. Ukiwa nyumbani, pakua faili lake. Ni faili moja dogo linalofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta bila intaneti kabisa, kwa hiyo bando utalitumia mara moja tu. Baadhi ya simulesheni hizo zimetafsiriwa kwa Kiswahili, nawe utachagua lugha inayokufaa.

Sasa darasani. Unda saketi yenye betri ya volti 9 na resista (kizuia mkondo, kishike nafasi ya balbu) ya omu 10, uweke ameta moja, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya resista. Itasoma ampea 0.90. Acha hapo hapo. Waambie wanafunzi wafunge vitabu, kila mmoja aandike kwenye daftari lake ameta ya pili ikiwekwa baada ya resista itasoma nini: A, pungufu, B, sawasawa, C, zaidi. Awe na kadi tatu za karatasi ngumu zenye herufi hizo, ambazo wanaweza kuzikata wenyewe kutoka kwenye maboksi, na ukihesabu tatu wote wainue kwa pamoja bila kutazamana. Hesabu kura, ziandike ubaoni, wala usiseme nani amepata. Kisha wape dakika tatu kila mmoja abishane na jirani ambaye kadi yake ni tofauti na ya kwake, halafu wapige kura upya. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard amekuwa akifundisha Fizikia kwa utaratibu wa kura na ubishani wa majirani tangu mwaka 1991, na unafaa zaidi kadiri darasa linavyokuwa kubwa. Baada ya kura ya pili ndipo uiweke ameta ya pili mbele ya macho yao.

Nakusihi usizipunguze zile dakika tatu, hata ukiona muda unakubana. Ndizo zinazomlazimisha mtoto kusema kwa sauti yake kile anachoamini, akisikie, na akitetee. Simulesheni inafanya kazi ambayo kitabu hakiwezi: inajibu palepale swali ambalo mwanafunzi ameliuliza mwenyewe. Mmoja akisema "weka resista mbili tuone", unaiweka ya pili ya omu 10 kwa mfululizo, na ameta zote zinashuka kwenye 0.45 kwa pamoja. Mwingine akitaka ziwekwe sambamba, unaziweka. Kwa slaidi 22 huwezi kumfuata mtoto namna hiyo, kwa sababu slaidi zimekwisha kuamua zinakokwenda.

Wabishane kwa Kiswahili. Najua notsi na mtihani ni kwa Kiingereza, na najua wapo wathibiti ubora watakaokunja uso, lakini wengi wa watoto hawa wamesoma Sayansi kwa Kiswahili tangu shule ya msingi, na ukiwataka wabishane kwa Kiingereza utapata ukimya utakaoudhania kuwa ni kuelewa. Wakishakubaliana, waandike hitimisho kwa Kiingereza, sentensi moja au mbili, na hizo uzisahihishe kwa makini.

Lipo jambo la kuwatahadharisha nalo. Kwenye skrini wataona vijiduara vikizunguka kwenye waya kama magari barabarani, na baadhi yao wataondoka wakiamini kwamba elektroni hukimbia hivyo. Waambie wazi kwamba hicho ni kielelezo, na kwamba katika saketi za kawaida kama zenu elektroni za waya wa shaba husogea polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde. Halafu kipindi cha pili kiwe cha balbu za kweli na betri za kweli, hata kama ni seti tano tu kwa makundi ya watu kumi na tano. Mtoto asitoke Kidato cha Pili akiwa ameona umeme ukipimwa kwenye ukuta pekee.

Fundi wa TEHAMA, Ubungo

Mwalimu, nimefunga vifaa katika shule kadhaa za jijini, kwa hiyo nitazungumzia upande wangu.

Kwanza projekta. Isogeze karibu na ukuta mpaka picha iwe na upana wa kama meta moja na nusu. Mwanga ule ule ukikusanywa kwenye eneo dogo unaonekana vizuri zaidi, na herufi utazikuza ndani ya kivinjari. Chagua ukuta ulio upande wa madirisha, ili jua lisiupige moja kwa moja, na funika dirisha lililo karibu zaidi na picha kwa shuka zito. Washa kila kitu kabla ya kengele. Kama kipindi kilichotangulia ni cha mwenzako, muombe dakika tano.

Pili, kwa hatua ya baadaye, nashauri shule ifikirie seva ya ndani. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ambayo huhifadhi video, mazoezi na simulesheni kwenye kompyuta moja, na kompyuta nyingine zikaifikia kupitia ruta ya kawaida isiyounganishwa na intaneti yoyote. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika anwani ya namba iliyobandikwa ukutani, na kurasa zinafunguka. Kuna pia Kiwix, inayoweza kuiweka Wikipedia nzima katika faili moja. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo sasa ina makala zaidi ya 70,000, inaingia hata kwenye memori kadi ya simu, wakati ile ya Kiingereza pamoja na picha zake inataka karibu gigabaiti 100. Kompyuta mpakato iliyotumika inayouzwa Kariakoo inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na kwa kuwa ina betri yake, umeme ukikatika kipindi kinaendelea mradi ruta nayo ina pawabenki.

Wapo wanaopendelea Raspberry Pi, kile kikompyuta cha ukubwa wa kadi ya benki kilichotoka Uingereza mwaka 2012, kwa sababu kinakula umeme kidogo sana. Ni kizuri, ila kisipozimwa kwa utaratibu, umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, memori kadi yake huharibika na kila kilichomo kikapotea. Katika shule moja nimebadilisha kadi tatu kwa muhula mmoja. Ukikitumia, tunza nakala ya kadi hiyo kabatini.

Mkufunzi amesema vizuri, ila mimi naona seva isicheleweshwe sana, kwa sababu mwalimu anayetegemea bando lake ataacha siku bando litakapokwisha. Na mnapopakua, someni leseni. Wikipedia na simulesheni za PhET zinaruhusu kunakiliwa na kugawiwa mradi chanzo kitajwe. Video za YouTube, kwa masharti ya kawaida ya huduma hiyo, hazipakuliwi kiholela.

Mwalimu wa Jiografia, Kinondoni

Naungana na mkufunzi, nami niongeze kitu ambacho simulesheni haikigusi. Wavuti pia ni mahali penye habari zinazopingana, na mtoto asipofundishwa darasani namna ya kuzipima, atafundishwa na kundi la WhatsApp.

Muhula uliopita nilikuwa na mada ya idadi ya watu na ukuaji wa miji. Tuna kompyuta sita zinazofanya kazi. Niligawa wanafunzi katika makundi, kila kundi nikalipa swali moja tu: Dar es Salaam ina watu wangapi? Kundi la kwanza likarudi na 4,364,541, la pili na 5,383,728, na la tatu na idadi inayozidi milioni saba, kila moja likiapa kwamba limeiona kwa macho yake. Nikawaacha wakabishana kidogo, kisha nikawarudisha kwenye kurasa zile zile na maswali mengine: nani ameandika, ameandika mwaka gani, watu hawa walihesabiwa au walikadiriwa, na "Dar es Salaam" anayoisema ni mkoa au ni jiji pamoja na makazi yaliyolizunguka. Ndipo wakagundua kwamba namba ya kwanza ni ya sensa ya 2012, ya pili ni ya sensa ya 2022, na ya tatu ni makadirio ambayo yana njia yake ya kukokotolewa. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza kama makadirio ni uongo. Tulitumia robo saa nzima kwa swali lake, na sijutii hata dakika moja.

Kipindi kilichofuata tulitazama picha za satelaiti katika Google Earth, ambako kuna mfululizo wa picha kuanzia mwaka 1984. Tulikwenda moja kwa moja Mbagala, tukaacha miaka ipite. Kijani kinaondoka, mabati yanaingia, barabara zinatoka kama mizizi. Binti mmoja alisema babu yake husimulia kwamba alijenga katikati ya mikorosho, naye alikuwa akidhani ni hadithi tu. Nikampa kazi ya nyumbani: amhoji babu, aandike mwaka aliohamia, na kesho tuutafute mwaka huo kwenye picha.

Nisisitize jambo moja kwa anayeanza. Kurasa za kusomwa nilizichagua mwenyewe kabla ya kipindi. Huo ni utaratibu wa zamani kidogo, uliobuniwa na Bernie Dodge pamoja na Tom March kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la San Diego mwaka 1995, ambapo mwalimu humpa mwanafunzi kazi ya kweli na vyanzo alivyokwisha kuvipitia, ili nguvu ya mwanafunzi iende kwenye kufikiri badala ya kuzurura. Kwa shule isiyo na kompyuta hata moja, kurasa tatu zinazopingana zikichapishwa kwenye karatasi zinaleta ubishani ule ule.

Mzazi, Buguruni

Walimu wetu, nawashukuru kwa moyo mlio nao. Mimi ni mzazi wa binti aliye Kidato cha Pili, si katika shule ya mwalimu huyu. Naomba mnisikilize na mimi.

Shuleni kwa binti yangu kazi za nyumbani zimeanza kutumwa kwa WhatsApp, tena usiku. Simu janja nyumbani kwetu ni moja, ya kwangu, nami natoka kwenye biashara saa tatu. Mtoto ananisubiri akiwa na daftari mkononi. Siku nikiwa sina bando, kesho yake anaitwa mvivu mbele ya wenzake. Jirani yangu hana simu ya aina hiyo kabisa, na mwanawe ananakili kutoka kwa binti yangu wakiwa njiani asubuhi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi 17 hadi Juni 29, niliona waziwazi ni watoto gani waliendelea kusoma na ni wepi walikaa tu.

Mara nyingine mwalimu aliagiza kila mtoto afungue akaunti kwenye tovuti fulani ya mazoezi, na mwanangu akajaza namba yangu, tarehe yake ya kuzaliwa na jina la shule. Tangu hapo napokea ujumbe wa matangazo nisioujua ulikotoka. Sikatai teknolojia. Ninaomba tu kinachohitaji intaneti kifanyike hapo shuleni, ambako wote wako sawa.

Mkufunzi wa ualimu, Kimara

Mzazi mwenzetu, pole sana, na ahsante kwa kulisema hili. Ombi lako ndilo ningependa liwe kanuni ya kila shule: kazi ya lazima isitegemee kifaa ambacho shule haikumpa mtoto. Mtandao wa nyumbani ubaki kuwa nyongeza kwa mwenye nafasi, bila alama.

Kuhusu akaunti, walimu tuelewe kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya mzazi ni taarifa binafsi, na mwalimu hana mamlaka ya kuzigawa kwa tovuti asiyoijua bila mzazi kuridhia. Vyote tulivyovizungumza hapa, kuanzia simulesheni hadi seva ya ndani, vinaweza kutumika bila mwanafunzi yeyote kuandika jina lake kwenye tovuti ya mtu.

Mwalimu wa Fizikia, Temeke

Mkufunzi, shikamoo, nanyi wengine wote nawashukuru. Zimepita wiki tatu, nami nimerudi na majibu, kwa kuwa niliona si vizuri kuchukua ushauri wa watu nikanyamaza.

Siku ya kipindi walikuwapo wanafunzi 71. Projekta niliisogeza kama alivyoelekeza fundi, na dirisha moja tukalifunika kwa shuka la bweni, picha ikaonekana hadi dawati la mwisho. Kura ya kwanza ilikuwa A 52, B 14, C 5. Baada ya dakika tatu za ubishani, ambazo kwa kelele zake zilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni, kura ikawa A 33, B 36, C 2. Nilipoweka ameta ya pili ikasoma 0.90, kulikuwa na ukimya wa kama pumzi mbili, kisha wakalipuka. Lakini kilichobaki kichwani mwangu ni swali la msichana wa safu ya tatu, aliyepiga kura ya A mara zote mbili. Aliuliza: "Mwalimu, sasa kama mkondo haupungui, balbu inakula nini?" Nimefundisha mada hii miaka minane na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kuanzia swali hilo tukaingia kwenye nishati, na sikulazimika kuisukuma mada, wao ndio walioivuta.

Kipindi cha pili tulitumia balbu za tochi, betri kavu na ameta nne za maabara. Kundi moja likapata 0.21 upande mmoja wa balbu na 0.20 upande wa pili, na kijana mmoja akapiga kelele, "Umepungua!" Nilitaka kueleza, nikajizuia. Nikawauliza watajuaje kama kilichopungua ni mkondo au ni kasoro ya kipimo. Walinong'ona, kisha wakazihamisha ameta, ile ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaja kushoto. Namba ndogo ikamfuata mwenyewe: ameta iliyosoma 0.20 ikaendelea kusoma 0.20 ilipohamia upande wa pili. Wakaandika hitimisho lao bila kunisubiri.

Zoezi la wiki iliyofuata lilikuwa na swali lile lile kwa picha tofauti, na kati ya wanafunzi 70 waliolifanya, 54 walipata. Wale 16 nimeketi nao mchana, kumi wamebadilika, sita bado wanasema umeme unaliwa, na hao nitawapa saketi mkononi mmoja mmoja.

Kwenye kikao cha MEWAKA niliwafanya walimu wenzangu wapige kura ile ile kwa kadi za maboksi, na wapo waliokosea, wakiwemo wa masomo ya sayansi, tukabishana hadi saa kumi na moja jioni. Mwalimu wa Jiografia wa shuleni kwetu anaanza zoezi la sensa Jumatatu kwa karatasi zilizochapishwa. Nikipata kompyuta ya pili nitamtafuta fundi kuhusu Kolibri. Kwa sasa ninaandaa saketi sambamba, na faili la simulesheni nimekwisha kulinakili kwenye flashi tatu, moja iko ofisi ya taaluma kwa mwalimu yeyote atakayeihitaji.